Kutengeneza molekuli ndugu za kurkumini na kuzipima kama zinazuia enzimi, kwa labo ya kawaida ya Bukavu

Wadogo zangu wa shimi, kama unatafuta kitu cha memware (ile kazi ya kumaliza masomo) na labo yenu haina mashini kubwa, chukua kurkumini, ile inayopatia manjano ya soko la Kadutu rangi yake. Yenyewe usiihangaikie, kwenye pH 7 kwenda juu inavunjika haraka juu ya zile kabonili (C=O) mbili za katikati, ndiyo maana watu wanatengeneza ndugu zake zenye kabonili moja tu.

Ile rahisi kabisa ni dibenzilideneasetoni. Vaa miwani na glavu, yeyusha soda kostiki gramu 2 ndani ya maji ml 20, itapata moto, ikipoa weka ethanoli ml 16. Pembeni changanya benzaldehidi ml 2.1 na asetoni ml 0.73, mimina polepole huku unakoroga, joto likae digrii 20 mpaka 25, na hapo hewa ya Bukavu inatusaidia bure. Asetoni usizidishe, itashika aldehidi upande mmoja tu. Na angalia chupa ya benzaldehidi kwanza: ukiona unga mweupe kwenye kifuniko ni asidi benzoiki hiyo, itakumalizia soda. Nusu saa ikipita chuja ule unga wa njano, osha na maji mpaka pH irudi 7, kausha, safisha kwa ethanoli ya moto (mbali na moto wa wazi!) na uiache ipoe itoe kristali. Ikiyeyuka kwa digrii 110-111 iko sawa. Kupata ndugu zingine badilisha aldehidi tu, anisaldehidi, 4-klorobenzaldehidi, kitu kimoja kwa mara.

Sasa kupima, na hapa ndipo memware nyingi zinaangukia. Enzimi yetu ni alfa-glukosidasi, ile inayokata sukari: inakata pNPG (glukosi iliyofungwa na nitrofenoli) inatoa nitrofenoli ya njano, unaisoma kwa spektrofotometa kwa 405 nm, ila molekuli zako nazo ni za njano, kwa hiyo kila moja, kwa kila kiasi unachoweka, inataka blanki yake isiyo na enzimi, ya kutoa rangi yake yenyewe kwenye hesabu. DMSO, ile ya kuyeyushia molekuli, iwe sawa kwenye tyubu zote, hata ile ya kontroli. Kuran (umeme) ikikatika katikati, seri yote uanze upya. Halafu rudilia na Triton X-100 (aina ya sabuni) ya 0.01%: kama kuzuia kunapotea, basi molekuli zilikuwa zimejikusanya mabonge yanayokamata enzimi ovyo, na familia ya kurkumini inajulikana kwa udanganyifu huo. Akarbozi, dawa ya kisukari inayozuia enzimi hii, iweke kando ya kulinganisha, lakini kama enzimi yako ni ya chachu usishangilie kuishinda, akarbozi kwa chachu ni dhaifu, nguvu yake iko kwa enzimi ya utumbo.