Salio kwanza, magunia baadaye

Ukiuza mahindi shambani na mnunuzi akalipa kwa simu, usiridhike na meseji. Meseji ya muamala hughushiwa kirahisi: inakuja kutoka namba ya kawaida badala ya jina la huduma, na mara nyingi salio lililoandikwa halilingani na ulichokuwa nacho. Kwa hiyo angalia salio lako kabla hajatuma, uliandike pembeni. Akishatuma, piga mwenyewe *150*00# kama ni M-Pesa ya Tanzania, au *150*60# kwa Airtel Money, uone limepanda kiasi gani. Mtandao ukisumbua, magunia yasipande gari, hata dereva apige honi vipi.

Bei nayo patana kwa kilo, si kwa gunia. Tuseme kilo ni shilingi 700: gunia la kilo 100 ni 70,000, lakini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ya kilo 120 ni 84,000. Ukiuza lumbesa kwa bei ya gunia, hiyo 14,000 ya tofauti mnunuzi anaondoka nayo bure. Kikokotoo kimo hata kwenye simu ya kitochi. Na namba ya siri ibonyeze mwenyewe, usimpe hata mtoto wa jirani "akusaidie".