Somo: Safari ya kwanza ndefu ya baiskeli, Mtwara hadi Lindi, bila kuangushwa na jua

Habari za leo wadau. Kila anayetaka kuanza safari ndefu ananiuliza: Mtwara hadi Lindi ni kilomita ngapi? Ni kama 110. Haya, umeshajua, imekusaidia nini? Jiulize jua likifika utosini utakuwa wapi.

Mimi safari ya kwanza sikujiuliza. Ilikuwa Novemba. Nikanywa supu na chapati mbili, nikaondoka saa mbili na nusu asubuhi na chupa moja ya lita moja na nusu. Saa sita mchana nimejilaza chini ya mkorosho, nusu ya njia sijafika, vinyweleo vimesimama kama mtu mwenye homa ya baridi, na maji yaliyobaki ni ya moto, ungetia majani ukapata chai. Nilirudi mjini na lori la korosho, baiskeli imelazwa juu ya magunia. Utingo alinicheka hadi Mikindani.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Juni hadi Agosti. Mvua imekwisha, asubuhi kuna kibaridi, na kusi inavuma. Kusi inatoka kusini mashariki, na Lindi iko kaskazini magharibi ya Mtwara, kwa hiyo wakati wa kwenda upepo unakusukuma mgongoni. Kurudi utaulipa huo mkopo. Oktoba hadi Desemba achana nayo: joto kali, na ndio msimu wa korosho, malori hayaishi barabarani.

Hatua ya 2: Gawa siku kwa jua

Mtu mgeni mwenye mzigo anakwenda kilomita 12 au 13 kwa saa, vituo vidogo vikiwemo. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi na taa (Julai jua linachomoza kama saa kumi na mbili na nusu), ukaendesha hadi saa nne na nusu, umekata kama 55. Hapo simama. Tafuta mwembe au mkorosho, tandika, lala. Usinyanyuke kabla ya saa tisa. Tisa hadi kumi na moja na nusu unaongeza 30, na hizo zinakufikisha Mnazi Mmoja, njia panda ya Masasi. Lala gesti. Kesho yake zimebaki kama 25, unaingia Lindi watu ndio kwanza wanakunywa chai.

Najua wapo wanaoimaliza kwa siku moja. Wao si wa safari ya kwanza.

Hatua ya 3: Zoeza mwili

Kuzaliwa Mtwara hakutoshi. Kukaa kwenye joto ni jambo moja, kukanyaga pedali ndani yake ni jingine. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 za kuendesha kwenye joto kidogo kidogo ndipo ujue kutoa jasho vizuri. Mimi hufanya Mtwara–Mikindani kwenda na kurudi, kama kilomita 20, kwanza jioni, baadaye saa tatu asubuhi.

Hatua ya 4: Maji, na chumvi yake

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa pande zote mbili. Wako wasiokunywa hadi kiu iwabane, na wako wanaojaza maji matupu tumboni kutwa nzima. Jasho linatoka na chumvi. Ukirudisha maji peke yake, tena kupita kiasi, chumvi ya damu inashuka, na dalili zake zinafanana na za jua: kichwa kinauma, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Kunywa mafunda machache kila robo saa, jumla nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Beba lita 3, jaza tena vijijini.

Mchanganyiko wangu: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: kinywaji kisizidi chumvi ya machozi. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo likamate na muhogo wa kuchemsha ulionyunyiziwa chumvi. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari wake kwanza.

Na chupa ivishe soksi ya pamba, ilowanishe, ifunge kwenye fremu. Upepo ukipiga ile soksi, maji ya ndani yanapoa. Soksi ikikauka, ilowanishe tena. Watu wataiangalia sana hiyo soksi, waache.

Kipimo ni mkojo: ukiwa rangi ya chai ya rangi, umechelewa kunywa.

Hatua ya 5: Baiskeli

Tyubu mbili za akiba, viraka, solusheni, pampu, spana, spoku chache. Usiiegeshe juani wakati wa mapumziko. Kiraka cha jana kinaweza kubanduka kwa joto. Siti ipandishe hadi kisigino kikiwa kwenye pedali mguu unyooke, magoti yatakushukuru ukianza kupanda vilima baada ya Mikindani. Mzigo kwenye keria, kamwe si mgongoni: begi linaziba jasho.

Hatua ya 6: Ukiona dalili

Kizunguzungu, kichefuchefu, baridi ya ghafla: kivulini, maji kichwani, safari imekwisha kwa leo. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kupepesuka, hiyo ni hatari ya kifo. Mpunguzie nguo, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, huku mwingine anatafuta gari la hospitali. Kama hajitambui usimnyweshe.

MASWALI YA WADAU

Kijana wa Chikongola: Mkuu, baiskeli yangu haina gia. Niache?
*Jibu:* Usiache. Kwenye mlima shuka ukokote, hakuna anayekudai. Kagua breki tu, kwa sababu kila mlima una mteremko wake.

Dada wa Shangani: Kaka, navaa hijabu na mikono mirefu. Si nitaiva?
*Jibu:* Hapana dada yangu, umewatangulia wenye vesti. Pamba nyepesi, pana, rangi ya kung'aa, inazuia jua na kushika jasho likupoze. Epuka nailoni na rangi nyeusi. Upindo wa gauni ufunge mbali na cheni.

Mdau wa Newala: Na Ramadhani je?
*Jibu:* Ahirisha, Lindi haihami.

Mzee wa Mtama: Vijana mna mambo. Sisi tulipeleka ufuta Lindi kwa baiskeli, gunia kwenye keria, bila soksi wala vijiko sita.
*Jibu:* Shikamoo mzee. Mlikuwa mnaondoka saa ngapi?

Mzee wa Mtama: Marahaba. Jogoo wa kwanza. Saa nne tumeshalala chini ya mwembe, nani aendeshe na jua lile? Ana wazimu?

Kijana wa Chikongola: Mzee, na chumvi?

Mzee wa Mtama: Tulikuwa na samaki mkavu mfukoni. Unatafuna, unakunywa maji, unatafuna. Umeuliza kama mtu ambaye hajawahi kushikwa na njaa.

*Jibu:* Mzee, samaki huyo naomba nimwingize kwenye hatua ya 4.