Namna ya Kuandaa Safari ya Wanafunzi Kujitolea katika Shule za Nchi Nyingine

Mwalimu anayekabidhiwa jukumu la kuwapeleka wanafunzi nje ya nchi ili wajitolee katika shule nyingine huwa na mwelekeo wa kuanza na nauli, tarehe na idadi ya nafasi. Ningemshauri aanze na barua kwa mwalimu mkuu wa shule itakayowapokea, akimwuliza iwapo shule inahitaji wageni, inawahitaji kwa kazi gani, na ni wiki zipi ambazo ujio wao hautavuruga masomo. Majibu ya barua hiyo ndiyo yanayopaswa kuamua mengine yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka, katika kifungu cha 3, maslahi bora ya mtoto yapewe uzito wa kwanza katika kila hatua inayomhusu, na watoto wa shule mwenyeji wanahusika na safari hii kuliko mtu mwingine yeyote, ingawa mara nyingi wao ndio wa mwisho kufikiriwa.

Kalenda za masomo huleta matatizo mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Shule nyingi za Ulaya na Marekani hufunga kwa likizo ndefu katikati ya mwaka, ilhali zile za Australia na Afrika Kusini hufunga kwa likizo yao ndefu mwezi Desemba na Januari. Nchini Japani mwaka wa masomo huanza Aprili. Kikundi kinachosafiri kwa kufuata likizo yake chenyewe kinaweza kukuta madarasa matupu, au kikaingia katikati ya mitihani, wakati ambapo mwalimu mwenyeji hana hata dakika moja ya kumwelekeza mgeni. Ziombwe kalenda za shule zote mbili, ziwekwe pamoja, na mawasiliano yaanze angalau mwaka mmoja kabla ya safari.

Iwapo safari itapitia kwa wakala, aulizwe waziwazi ni sehemu gani ya malipo inayofika shuleni, ni nani pale shuleni aliyeomba wageni, na vikundi vingapi hupokelewa katika muhula mmoja. Wakala anayeweza kukipangia kikundi chochote nafasi katika wiki yoyote hapangi kwa mahitaji ya shule. Ziara katika vituo vya kulelea watoto yatima, ambazo huongezwa kwenye ratiba kama jambo jema, zikataliwe kabisa. Mwezi Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu haki za mtoto ambalo, pamoja na mengine, linazitaka serikali kuzuia madhara yanayotokana na programu za kujitolea katika vituo hivyo, kwa kuwa fedha za wageni zinaweza kuwa chambo cha kuwatenganisha watoto na familia zao.

Shule mbili zikikubaliana, ziandike hati fupi ya makubaliano inayotaja kazi zitakazofanywa, saa za kila siku, jina la mwalimu mwenyeji anayesimamia, masharti ya kupiga picha, na nani atalipia nini. Kuhusu gharama pasiwe na utata: chakula cha wageni, usafiri wao na vifaa watakavyotumia visiigharimu shule mwenyeji hata kidogo, na muda wa ziada wa mwalimu anayewasimamia uzungumzwe mapema na mwalimu mkuu, maana kuwapokea vijana wageni ni kazi halisi inayoongezwa juu ya kazi nyingine.

Sehemu inayostahili kufikiriwa kwa undani zaidi ni kazi ya darasani. Mwanafunzi wa sekondari hajasomea ualimu, na hapaswi kuachiwa darasa peke yake eti kwa sababu anaifahamu vizuri lugha fulani au ametoka mbali. Kama hatuwezi kumruhusu kufundisha watoto wa kwetu bila mwalimu, hatuna sababu ya kumruhusu kufundisha watoto wa wengine. Nafasi yake ni ya msaidizi, na ndani ya nafasi hiyo kuna kazi zenye manufaa makubwa. Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kumsikiliza mtoto mmoja mmoja akisoma kwa sauti, kwa kuwa katika darasa lenye wanafunzi wengi mwalimu hupata shida kumfikia kila mmoja kwa muda wa kutosha. Kazi hii ina utaratibu wake. Mtoto akikwama, msikilizaji anyamaze kwa sekunde chache ili ajaribu mwenyewe. Akishindwa, amsaidie kugawa neno katika silabi. Asimkatize kwa kila kosa la matamshi. Na ukurasa ukiisha, amwulize kisa kinahusu nini, kwani kutamka maneno bila kuyaelewa bado si kusoma. Mahali ambapo kikundi na wenyeji hawana lugha ya pamoja, msaada uelekezwe kwenye michezo ya hesabu, majaribio ya sayansi yanayoongozwa na mwalimu, michezo ya uwanjani, au kupanga na kuorodhesha vitabu vya maktaba.

Upakaji rangi kuta na ujenzi wa vyoo au madarasa hupendwa na waandaaji kwa sababu matokeo yake huonekana haraka. Hata hivyo, kazi hizo zina mafundi wake, ambao huzifanya kwa ubora zaidi na huishi kwa ujira wake. Shule ikisema inahitaji ukarabati, ni heri fedha zichangwe, fundi wa eneo hilo alipwe, na wanafunzi wabaki darasani wanakohitajika.

Maandalizi ya wanafunzi yasiishie kwenye mkutano mmoja wa wazazi. Katika miezi ya kabla ya safari, kila mwanafunzi apate nafasi ya kukaa nyuma ya darasa la chini katika shule yake mwenyewe, aangalie jinsi mwalimu anavyoanza kipindi na kuwatuliza watoto, kisha afanye mazoezi ya kumsikiliza mtoto akisoma. Wajifunze pia mtaala wa nchi waendako na salamu za heshima kwa walimu na wazee, na wajue maneno ya kila siku ya lugha ya wenyeji angalau ya kusalimia, kushukuru na kuomba radhi.

Kuhusu ulinzi wa mtoto, pasiwe na mzaha. Watu wazima wote wanaosafiri na kikundi wawasilishe cheti cha kuthibitisha kwamba hawana rekodi ya uhalifu. Mgeni yeyote asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine, asitoe zawadi kwa mtoto mmoja, wala asibadilishane namba za simu au akaunti za mitandao ya kijamii na wanafunzi wadogo. Picha zipigwe tu kwa ridhaa ya shule, ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, na zisirushwe mtandaoni zikiwa zinaonyesha jina la mtoto au nembo ya shule kwenye sare yake. Kifungu cha 16 cha Mkataba ule ule kinalinda faragha ya mtoto. Tusisahau kwamba wanafunzi wageni, wengi wao wakiwa chini ya miaka 18, ni watoto pia, hivyo malazi yao na familia zinazowapokea vikaguliwe kwa uangalifu huo huo.

Nyaraka ziandaliwe mapema. Nchi nyingi hudai pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita, na maafisa wa uhamiaji wanaweza kudai barua ya ridhaa ya wazazi kwa kila mtoto asiyesafiri nao. Viza ya utalii hairuhusu kazi, na katika baadhi ya nchi kujitolea bila malipo huhesabiwa kuwa kazi, kwa hiyo ubalozi uulizwe kwa maandishi na jibu lake litunzwe. Daktari aonwe angalau wiki sita kabla ya kuondoka, kwa kuwa baadhi ya chanjo hutolewa kwa dozi zaidi ya moja, na cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo. Tangu Julai 2016 cheti hicho hudumu kwa maisha yote ya mwenye nacho. Bima isomwe kipengele kwa kipengele ili kuhakikisha kwamba inagharimia matibabu, kusafirishwa kwa mgonjwa, na shughuli zenyewe za kujitolea.

Kikundi kikishafika, siku ya kwanza iwe ya kutazama tu. Watoto waelezwe tangu siku hiyo ni lini wageni wataondoka, kwani mtoto mdogo huzoea watu haraka na huumia anapoachwa bila kuelezwa. Kila jioni wanafunzi wakutane na mwalimu wao kujadili yaliyowashinda, na kila asubuhi mwalimu mwenyeji apewe nafasi ya kubadilisha mpango bila kutakiwa kujieleza. Vitabu au vifaa vilivyoletwa vikabidhiwe kwa mwalimu mkuu bila sherehe, na mwanafunzi asitoe ahadi yoyote ya ada, simu au kurudi tena ambayo hana uwezo wa kuitimiza.

Baada ya kurejea, ripoti ya kwanza iende kwa shule mwenyeji, ikiambatana na ombi la tathmini ya walimu walioshirikiana na wanafunzi, na tathmini hiyo itolewe kwa njia ambayo haitaathiri michango iliyoahidiwa, maana anayetegemea msaada wako ataona vigumu kukukosoa. Walimu wakiona ni afadhali fedha za safari inayofuata zitumike kuwaleta wanafunzi wao kwenu, maandalizi yahamie huko mara moja, kuanzia maombi yao ya viza, ambayo yanaweza kuchukua muda mrefu kuliko yalivyochukua yenu.