Fupisha swingi kwanza: nilivyomfundisha mpwa wangu gofu, na saa iliyotupoteza

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alipoteza mipira sita kabla hatujafika shimo la nne. Uwanja wetu wa huku Mangapwani, Unguja, una mashimo tisa tu, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Kijana ana nguvu, anabeba matofali wiki nzima, na kila mpira alitaka kuuvusha kisiwa cha Chumbe. "Mjomba, lakini ule wa pili uliuona ulivyokwenda?" Niliuona. Ulikwenda mbali kweli, na kichakani uliingia mbali vilevile.

Mimi si mwalimu mwenye cheti. Nimebeba mikoba ya wachezaji miaka mingi, nikaanza kupiga mwenyewe kwa fimbo za kuachiwa. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyompitisha kijana Jumapili yake: kufupisha swingi, yaani ule mzungusho wa fimbo wa kupigia mpira. Ni ya mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

Hatua ya 1: Fimbo

Aini 7, fimbo ya chuma ya masafa ya kati, na weji, ya mapigo mafupi. Basi. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, na wapo watu wanazibeba zote 14 bila kujua hata moja yao inafika wapi. Dreva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, iache nyumbani, tena chini ya uvungu.

Hatua ya 2: Pahala pa mazoezi

Kulipia uwanja kila siku hatuwezi, lakini bahari ikipwa tuna uwanja wa bure. Subiri bamvua, maji yatoke mbali, mchanga ubaki umekaza. Chora mstari kwa kisigino, simama mstari ukiwa katikati ya miguu, piga bila mpira. Alama ya fimbo ianze kwenye mstari au mbele yake kidogo. Ikianza nyuma ya mstari, ungekuwa umechota mchanga kabla ya mpira. Nyasi huficha kosa hili, mchanga hausitiri mtu.

Mpira wa kweli piga tu pale ambapo hapana mtu. Wa Paje na Jambiani, tafadhalini, kina mama wa mwani wako kazini, msiwarushie mipira. Beba mipira kumi, ihesabu kabla na baada. Na fimbo zioshe kwa maji baridi ya bomba ukirudi, chumvi haina urafiki na chuma.

Hatua ya 3: Pima ulichonacho sasa

Piga aini 7 mara kumi kwa swingi yako nzima, ile fimbo inazunguka mpaka juu ya kichwa. Hesabu kwa hatua zako. Zile darubini za kupimia masafa mimi sizitaki, mguu haumalizi betri.

Mpira mzuri wa kijana ulifika hatua 150. Mbaya 109. Kushoto na kulia ilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Baadaye, kwa swingi ya robo tatu nitakayoieleza Hatua ya 4, ilitua kati ya 126 na 134, na yote ungeweza kuizungushia wavu mmoja wa dagaa. Alikuwa anajisifia zile 150, lakini 150 ilikuja mara moja katika kumi. Mpira ukipigwa nje ya kitovu cha uso wa fimbo hupoteza mwendo, na uso ukiwa umefunguka au umefunga kidogo tu, mpira unaanza safari upande huo. Swingi ndefu ina njia ndefu ya kurudi, na kila kipande cha njia kina pa kukosea.

Hatua ya 4: Urefu wa mkono

Hapa tulikula saa mbili nzima, na kosa lilikuwa langu.

Video nyingi za Kiingereza hufundisha kwa mfano wa saa ya ukutani. Mchezaji anatazamwa kwa mbele: kichwa kiko kwenye 12, mpira kwenye 6, mkono wa kushoto ndio akrabu. Mkono ukienda nyuma hadi 7 na nusu ni pigo dogo, hadi 9 ni nusu, hadi 10 na nusu ni robo tatu. Mimi nikayageuza kama tunavyosema saa kila siku: saa moja na nusu, saa tatu, saa nne na nusu.

"Peleka mkono saa tatu." Akaupeleka vizuri, umelala sambamba na ardhi. Nikafurahi.

"Sasa saa nne na nusu, ongeza." Mkono ukashuka.

"Ongeza, nimesema!" Ukashuka tena, sasa uko pajani.

"Haya, saa moja na nusu, fupi kabisa." Akapaisha fimbo juu ya bega kama mtu anayepasua kuni, akashusha, mpira ukaruka hatua tano.

Tuliendelea hivyo mpaka tukaanza kununiana. Mwisho akanambia, "Mjomba, hii saa yako inarudi nyuma." Ndipo nikakaa mchangani nikaichora. Kijana alikuwa ameitundika saa mbele ya macho yake, anasoma namba vile ninavyozitamka. Anayetazama saa, 3 iko kuliani mwake, na kulia ndiko fimbo inakokwenda. Kwa hiyo "saa tatu" ilitokea sawa kwa bahati tu, ikatuhadaa sote wawili. Lakini 4 na nusu iko chini ya 3, na 1 na nusu iko juu yake. Kila nilipotaka ndefu alinipa fupi, na nilipotaka fupi akanipa ya kupasulia kuni. Ametii kila neno.

Tangu siku hiyo saa nimeiachia msikiti. Natumia mwili:

Mikono ikiishia usawa wa mfuko wa suruali ni pigo dogo, la weji karibu na shimo. Ikiishia usawa wa kifua ni nusu. Usawa wa bega ni robo tatu. Ikipita sikio, hiyo umeshaipa jina lake, ni nzima.

Sasa tahadhari, maana hata hapa pana mitego.

Kwanza, unachohisi sicho unachofanya. Karibu kila mtu akihisi ameishia kifuani, mikono iko begani. Mpe mtu simu akurekodi kutoka mbele, utabisha, kisha utaona. Mimi mwenyewe, ili niishie begani, lazima nihisi nimeishia mfukoni.

Pili, mikono inaweza kusimama, fimbo ikaendelea. Mshiko ukilegea juu, au kiwiko cha kushoto kikikunjika, kichwa cha fimbo kinaanguka nyuma ya shingo wakati wewe unajiona umefupisha. Hiyo ni swingi ndefu iliyovaa kanzu ya fupi.

Tatu, na hii ndiyo kubwa: usifupishe kwa kuzuia kiwiliwili. Kifua kigeuke, mgongo uanze kutazama shabaha. Ukipiga kwa mikono peke yake utapata ufupi bila usahihi, hasara pande zote. Mtazame mchezaji Jon Rahm wa Uhispania, aliyechukua mashindano makubwa ya US Open 2021 na Masters 2023. Mkono wake unaishia chini kuliko wa wenzake wengi, naye mwenyewe ameeleza kwamba alizaliwa na mguu wa kulia uliopinda, kifundo hakina uhuru wa kutosha kwa swingi ndefu. Na bado mpira wake unakwenda mbali sana, kwa sababu mwili unazunguka kwa nguvu. Upande wa pili yuko John Daly, fimbo ilikuwa inamshuka mgongoni kama anajikuna, na alishinda mashindano ya The Open 1995. Kwa hiyo sisemi ndefu haiwezi kushinda. Nasema wewe si John Daly.

Nne, mwendo uwe uleule. Mimi nahesabu "moja" fimbo ikienda, "mbili" ikirudi, kwa pigo la mfukoni na la begani sawasawa. Ukibadilisha urefu na kasi kwa pamoja, hutajua kipi kilichokupa hatua zipi.

Fanya mazoezi ya pigo la kifua nusu saa, la bega nusu saa. Siku hiyo usifanye kingine.

Hatua ya 5: Mbele usiogope

Fimbo iende mbele angalau kama ilivyokwenda nyuma. Mtu anayerudisha fimbo nyuma sana, kisha anakumbuka kwamba shimo liko karibu, akapunguza kasi njiani, huyo atachota ardhi au atabingirisha mpira. Fupisha nyuma ili mbele upite bila wasiwasi.

Hatua ya 6: Upepo

Kusi kikivuma usoni, watu hukaza meno wakapiga kwa nguvu zaidi. Kosa. Nguvu zaidi huuzungusha mpira zaidi, mpira unaozunguka sana hupanda, na ukipanda upepo unaubeba unakotaka wenyewe. Chukua fimbo ndefu zaidi, aini 6 au 5 badala ya 7. Shika chini ya kawaida kwa upana wa vidole viwili, mpira uusogeze kidogo kuelekea mguu wa kulia, piga robo tatu, mikono imalizie kifuani. Mpira utapita chini kama ngalawa iliyoshusha tanga.

Hatua ya 7: Lini upige nzima

Njia ikiwa pana, upepo ukiwa mgongoni, na kuna shimo refu ambalo robo tatu itakuacha na mapigo mawili ya ziada. Hapo piga. Vinginevyo jiulize kama ziada ya hatua 20 inalingana na mpira uliopotea: unatafuta dakika 3, muda ukiisha unaongezewa pigo moja na unarudi kupiga pale ulipopigia mwanzo.

Namba zako ziandike. Zangu ziko kwa kalamu ndani ya kifuniko cha mkoba: aini 7 nzima 145, bega 130, kifua 100. Za weji zimefutika kwa jasho, inabidi nisubiri bamvua ijayo nikapime upya.