Namna ya kupanga dakika 20 za muziki wa kutuliza mwili

Kosa linalokwamisha wengi ni kuanza na wimbo wa polepole. Mtu ametoka mnadani Tandahimba, bei ya korosho imemkata maini, moyo unamdunda, halafu papo hapo anaweka kinanda laini. Masikio yanasikia lakini mwili haufuati, na baada ya dakika mbili anaudhika na kuzima. Daktari Ira Altshuler wa Marekani alilieleza hili miaka ya 1940, na watibabu kwa muziki wanalifuata hadi leo: muziki uanzie pale mtu alipo, kisha umshushe kidogo kidogo.

Kwa hiyo anza kwa kupima mapigo yako. Bonyeza taratibu kwa vidole viwili upande wa ndani wa kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha kwa 2, andika. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100.

Sasa chagua nyimbo tatu. Kasi ya wimbo unaipima kwa kugonga mguu: hesabu mara unazogonga kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Wa kwanza ukaribie mapigo uliyoandika, tuseme 100 kwa dakika, wa pili 80, wote dakika tano tano. Wa tatu uwe 60, dakika nane. Dakika mbili za mwisho ni kimya. Singeli haiingii hapa, kasi yake hupita 200. Wimbo wa kwanza unaweza kuwa na maneno. Wa tatu usiwe nayo, kwa sababu maneno huamsha kumbukumbu na akili inaanza kuyafuata. Udi, ganuni au marimba vinafaa sana, na kwenye taarabu ya zamani utapata bashrafu, ambazo hupigwa bila kuimbwa. Usikilize wimbo mzima siku moja kabla. Ngoma ikiingia ghafla katikati, mwili unashtuka na kazi yote inaanza upya.

Wimbo wa tatu ndio wenye tiba kubwa, maana unakuhesabia pumzi. Kwa kasi ya 60, kila pigo ni sekunde moja. Vuta hewa puani kwa mapigo 4, itoe kwa mapigo 6. Hizo ni pumzi 6 kwa dakika. Ukivuta hewa moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza, kwa kuwa neva ya vagasi inayotoka kwenye ubongo kwenda moyoni huushika breki zaidi pumzi inapotoka. Ukisikia kizunguzungu au ganzi ya midomo, unavuta hewa nyingi mno: punguza kiasi cha hewa, hesabu ibaki ileile.

Kimya usikiruke. Mwaka 2006 mtafiti Luciano Bernardi na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba kimya cha dakika 2 kilichowekwa katikati ya muziki kilishusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu hata chini ya kiwango cha kabla ya kuanza.

Pakua nyimbo mapema, kisha zima data na milio ya simu. Tangazo moja linaharibu kila kitu. Sauti iwe ya chini kiasi cha kumsikia mtu anayezungumza kawaida hatua mbili kutoka ulipo. Msimu wa jando na unyago, ngoma zikikesha mtaani, usishindane nazo kwa kuongeza sauti. Hamishia zoezi alfajiri.

Anayependa mawimbi badala ya ala ayarekodi mwenyewe, ufukwe wa Shangani mjini Mtwara kwa mfano, asubuhi kabla upepo wa kusi haujakaza, maji yakiwa yamejaa. Funika maikrofoni ya simu kwa kitambaa chepesi, la sivyo utarudi na mvumo wa upepo mtupu.

Muziki ukikuletea hofu au kilio kisichokoma, uzime, fumbua macho, kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili. Maumivu ya kifua, au mapigo yanayobaki juu ya 100 ukiwa umekaa, ni ya kupeleka hospitali.

Ukimaliza, pima tena mapigo. Kama hayajashuka baada ya wiki moja ya kufanya kila siku, badilisha wimbo wa kwanza kabla ya nyingine: mara nyingi ndio uliokuwa wa polepole mno.