Zoni ya vinyunyizio imegoma? Anza kwenye taima, jembe baadaye

Vinyunyizio vya zoni moja, yaani kundi linalofunguliwa na vali moja, vikigoma watu hukimbilia kufukua. Jembe liache kwanza. Hitilafu nyingi za umeme huonekana ukiwa umesimama mbele ya taima (kisanduku kinachowasha zoni kwa saa), ukiwa na multimita (kipima umeme). Bisibisi ya testa iweke kando: volti 24 haziwashi kitaa chake, utadhani umeme haupo kumbe upo.

1. Hakikisha si maji. Kwenye vali nyingi, ukilegeza koili (sehemu ya umeme iliyo juu ya vali inayoifungua) kwa mkono robo mzunguko vali hufunguka. Vinyunyizio vikiruka, maji yapo na vali ni nzima. Kaza tena.

2. Pima transfoma inayoipa taima umeme. Multimita iwe kwenye volti za AC. Upate 24 hadi 28. Ukikuta sifuri, angalia soketi na fyuzi kabla ya kuilaumu transfoma. Kama taima imeungwa moja kwa moja na umeme wa nyumba, upande huo mwachie fundi umeme.

3. Kitambua mvua, kifaa kinachozuia umwagiliaji mvua ikinyesha, kiweke pembeni kwa swichi yake. Zoni zote zikigoma kwa pamoja, mara nyingi ndicho.

4. Hamishia waya wa zoni iliyogoma kwenye terminali ya zoni inayofanya kazi. Ikifanya kazi, tatizo ni taima.

5. Pima omu. Zima taima, chomoa waya wa pamoja (C au COM) unaotumiwa na zoni zote, kisha pima kati yake na waya wa kila zoni. Koili nzima husoma kati ya 20 na 60. Chini ya 10 ni shoti. Kioo kikionyesha OL (umeme haupiti), waya au koili imekatika, au kiungo kimeachia. Zoni zote zikisoma OL, waya wa pamoja umekatika karibu na taima. Zikiwa zile za mbali tu, umekatika baina ya boksi moja la vali na lingine.

6. Viungo. Hapa ndipo saa zinapopotelea, kwa sababu kiungo kilichooza hudanganya. Multimita hupitisha mkondo mdogo sana, kwa hiyo kinaweza kusoma omu nzuri kabisa na vali isifunguke. Usiamini omu peke yake. Washa zoni, nenda kwenye boksi la vali, pima volti kwenye nyaya za koili *ikiwa bado imeungwa*. Ukiichomoa, hakuna mzigo, na hata kiungo kibovu kitakuonyesha volti zote. Zikishuka chini ya 20 wakati kwenye taima ni 26, kuna kiungo njiani kinachokula volti. Pima pia mara baada ya kumwagilia, boksi likiwa limelowa. Kuna viungo vinavyogoma vikiwa na maji tu, kisha vikikauka vinapona na kukuacha unajikuna kichwa.

Ukikipata kiungo kibovu, kata waya hadi shaba ing'ae. Shaba yenye unga wa kijani usiiunge, hata ukiikwangua. Tumia koneka zenye grisi ndani. Tepu ya umeme ndani ya boksi la vali ni kazi bure, na aliyeifunga ndiye aliyekuletea shida hii.

7. Koili ikiwa imekufa, funga maji, ifungue, weka mpya. Nyaya zake mbili hazina chanya wala hasi, mmoja wowote uende kwenye waya wa pamoja. Taima za betri ni habari nyingine: koili zake hutumia DC, na kila rangi ina mahali pake.