Maswali magumu ya mtihani wa leseni ya uuguzi: anza kwa kufunua blanketi

Kila Jumamosi saa nane mchana sebule yangu hapa Uyole, Mbeya, hujaa wahitimu wa uuguzi wanaojiandaa na mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wengine wanatoka Mbalizi, wengine Tukuyu, na yupo binti anayekuja na basi kutoka Chimala. Wamesoma. Nikiwauliza dalili za kifafa cha mimba wananitajia zote bila kuvuta pumzi. Lakini nikiwawekea wagonjwa wanne mezani na kuwauliza waanze na yupi, kila mtu anaangalia kikombe chake cha chai.

Naandika kwa ajili yenu mnaosoma peke yenu, mkiwa hamna sebule ya kwenda.

Nianze na jambo lililonipata nikiwa mgeni kazini. Mnajua baridi ya Mbeya mwezi wa sita na wa saba. Mama akishajifungua hufunikwa kitenge, juu yake blanketi, mara nyingine mawili. Usiku huo niliingia wodi ya wazazi nikamkuta mama mmoja analia kwa maumivu ya kidonda cha upasuaji, nikaenda kwake moja kwa moja. Kitanda cha pili alilala mama aliyejifungua saa moja iliyopita, ametulia, anasema anasikia baridi na usingizi tu. Dada mkubwa wa zamu alipita nyuma yangu, akanyanyua lile blanketi bila kusema neno. Shuka lilikuwa limelowa damu mpaka magotini. Mama yule alipona, na ni mkono wa yule dada uliomponya. Mimi nilikuwa nimefuata sauti.

Maswali ya kipaumbele yametungwa kwa namna hiyo hiyo. Anayelia amewekwa pale akuvute. Mwenye homa ya nyuzi 37.9 naye yupo, na anayedai ruhusa ya kwenda nyumbani yupo. Unayemtafuta ameandikwa kwa maneno ya upole: amelowesha pedi ya pili, amepauka, amekuwa mkimya, hataki kula. Kwa hiyo, kabla hujaangalia majibu, yafunike kwa kiganja. Soma habari ya kila mgonjwa, kisha jiulize: nikimwacha huyu kwa dakika kumi, nitamkuta? Njia ya hewa hutangulia, upumuaji hufuata, kisha mzunguko wa damu. Maumivu ni ya kweli na yanahitaji huduma, ila kwa kawaida yanasubiri nyuma ya hayo matatu.

Hapo kuna mtego wa pili, na huu unawaangusha hata wanafunzi bora. Chuoni tumefundishwa kwamba hatua ya kwanza ya mchakato wa uuguzi ni kumchunguza mgonjwa. Basi mtu anashika kanuni hiyo na kila swali la "ufanye nini kwanza" analijibu "pima presha". Rudi kwenye swali uone limekwisha kukupa nini. Kama limesema mama amejifungua, damu inatoka kwa wingi na mfuko wa uzazi ni laini, yaani haujakaza, uchunguzi umeshafanyika. Kinachotakiwa sasa ni mkono tumboni: kanda mfuko wa uzazi huku ukipaza sauti kuita msaada, oksitosini, dawa ya kukaza mfuko huo, inafuata, presha inapimwa na mwenzako. Lakini kama swali limesema tu kwamba mgonjwa "hajisikii vizuri", hapo bado hujui kitu, na jibu la kuchunguza ndilo sahihi. Tofauti ya maswali hayo mawili iko kwenye sentensi moja ya habari za mgonjwa. Mimi huwaambia wasome sentensi hiyo kwa sauti.

Nije kwenye hesabu za dawa, ambazo nazipenda kuliko zote kwa sababu hapa mtu anaweza kutoka sifuri akafika alama zote ndani ya wiki tatu. Mwaka wangu wa pili chuoni tuliulizwa: mililita 1,000 za maji ya dripu, ziishe kwa saa 8, mpira wa dripu unatoa matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Nikazidisha 1,000 kwa 20, nikagawa kwa 8, nikaandika 2,500. Sikugeuza saa kuwa dakika. Kilichoniumiza nilipoipokea karatasi ni kwamba niliandika namba ile na kuendelea na swali lililofuata, sikuwaza mgonjwa yeyote.

Siku hizi siwafundishi kanuni ya matone mpaka wayaone matone yenyewe. Nilinunua mpira wa dripu duka la dawa kule Mwanjelwa, nikachukua chupa ya maji, nikaitundika kwenye msumari wa pazia, beseni chini. Saa 8 ni dakika 480. Elfu moja mara 20 ni matone 20,000, gawa kwa 480, unapata 41.67, yaani 42. Kisha nampa mtu kidhibiti cha mpira na simu yenye saa, namwambia afikishe 42. Matone 42 kwa dakika ni 7 kwa kila sekunde 10. Anasogeza kigurudumu kidogo, anahesabu, anakiachia, anahesabu tena. Tone linajikusanya kwenye ncha, linarefuka, linaanguka. Akishalifanya hilo mara tatu, akiona 2,500 kwenye majibu hawezi kuichagua, maana macho yake yanajua 42 inavyofanana.

Kwa hesabu zote nawaomba jambo moja: andika kipimo pembeni ya kila namba. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, ni miligramu 180. Dawa ya maji ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Kabla ya kupiga hesabu, kadiria: 180 ni moja na nusu ya 120, basi jibu ni moja na nusu ya mililita 5. Ni 7.5. Ukikadiria kwanza, nukta iliyohama utaiona.

Maswali ya kuchagua majibu yote yaliyo sahihi yana tabia yake. Usiyalinganishe majibu, na usijiulize yanatakiwa mangapi. Kila jibu ligeuze kuwa swali la ndiyo au hapana. Tuseme mama ana kifafa cha mimba, yupo kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, unataka kumpa dozi inayofuata. Refleksi ya goti, yaani mguu kuruka goti likigongwa, ipo? Ndiyo, hili ni sharti. Anapumua mara 16 au zaidi kwa dakika? Sharti. Mkojo haupungui mililita 30 kwa saa? Sharti. Joto la mwili ni la kawaida? Ni vizuri kulijua, lakini halizuii dozi, kwa hiyo hapana. Kalisiamu glukoneti ipo karibu? Ndiyo, maana ndiyo inayookoa dawa ikizidi. Anayekwenda hivi hatikisiki.

Wachache kati yenu mnalenga leseni ya Marekani, mtihani wa NCLEX. Tangu Aprili 2023 una muundo mpya: maswali kati ya 85 na 150, muda wa saa 5, na kompyuta inapandisha au kushusha ugumu kulingana na unavyojibu. Kwenye maswali yake ya kuchagua yote, kila jibu sahihi huongeza alama na kila kosa hupunguza, ila hushuki chini ya sifuri. Kubahatisha pale kuna gharama.

Maswali ya "isipokuwa" sina mengi ya kusema. Karatasi yetu ni ya Kiingereza, kichwa kinawaza kwa Kiswahili, na neno "except" linapita kama upepo. Lizungushie kalamu, au kama ni kwenye kompyuta liguse kwa kidole, kisha weka alama ya kweli au si kweli kwa kila jibu.

Weka daftari la makosa. Si la masomo, la makosa tu. Kila swali ulilokosa liandikie sababu moja: sikujua, nilijua nikasoma vibaya, au nilikuwa na jibu sahihi nikalibadilisha. Kijana mmoja wa kundi letu aligundua kwamba kati ya makosa 40 aliyoyaandika, 23 alikuwa anajua kabisa somo lenyewe. Alikuwa anajiandaa kurudia vitabu vya miaka mitatu. Akaviacha, akafanya mazoezi ya kusoma swali polepole.

Nakuachia moja ufanye leo kabla ya kulala, kwa kalamu na bila kikokotoo. Mtoto ana kilo 14. Ameandikiwa seftriaksoni miligramu 50 kwa kila kilo. Kichupa kina gramu 1, na baada ya kuchanganya dawa yote imekuwa mililita 10. Utavuta mililita ngapi? Ukipata 7, endelea. Ukipata 70, litazame bomba la sindano la mililita 10 ulilolishika mkononi, kisha rudi pale ulipogeuza gramu kuwa miligramu.